Je, maji yanaweza kuendesha gari badala ya petroli?

Dereva wa Lushoto aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Nina gari aina ya Noah linalobeba abiria na mizigo midogo kati ya Mombo na Lushoto, na wanaoifahamu barabara ile ya milimani wanajua jinsi mpando wake unavyokula petroli, kiasi kwamba siku nyingine mapato yote huishia kituo cha mafuta. Hivi karibuni kijana mmoja mwenye gereji alinionyesha kifaa ambacho anasema kinaliwezesha gari kutumia maji. Ni chupa nene ya plastiki yenye bati za stenlesi zilizopangwa kwa karibu. Ndani yake kuna maji yaliyochanganywa na kostiki soda kidogo, nyaya mbili zinakwenda kwenye betri, na mpira mwembamba unatoka juu ya chupa na kuingia kwenye njia ya hewa ya injini.

Alipowasha swichi, maji yakaanza kutoa mapovu mengi. Akaichovya ncha ya mpira kwenye kopo la maji ya sabuni, na povu lilipojaa akalisogezea njiti ya kiberiti, likalipuka kwa mshindo uliowafanya watu wa duka la jirani watoke nje. Kwa kuwa nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, siwezi kusema kwamba hakuna kitu. Anaahidi kwamba petroli itapungua kwa nusu, na bei anayotaka inazidi mapato yangu ya mwezi mzima.

Nimesikia pia kwamba kuna Mmarekani aliyegundua gari la maji akauawa na makampuni ya mafuta, na kwamba Wajapani tayari wanauza magari yanayodondosha maji kwenye ekzosi. Naomba mnieleze bila kunificha: je, maji yanaungua? Na kama gesi ile ni ya kweli, kuna kizuizi gani cha kuitumia? Sina elimu kubwa ya sayansi, lakini hesabu ninazijua, kwa hiyo msiogope kuweka tarakimu.


Mwalimu wa Kemia alijibu:

Ndugu yangu, umeuliza kwa utaratibu mzuri, nami nitaanzia pale ulipoona kwa macho yako, yaani kwenye lile povu. Gesi iliyolipuka ni ya kweli. Umeme unapopita ndani ya maji huyapasua kuwa haidrojeni na oksijeni, jambo ambalo William Nicholson na Anthony Carlisle walilionyesha jijini London mwaka 1800, na ambalo wanafunzi wetu wa sekondari hulirudia maabara hadi leo. Kijana wa gereji hakukufanyia kiinimacho. Tatizo liko kwenye hesabu ya nishati inayotumika kuipata gesi hiyo.

Mafuta ya aina yoyote ni kitu ambacho kikiungana na oksijeni hutoa joto. Petroli iko hivyo, dizeli iko hivyo, kuni na mkaa viko hivyo, na haidrojeni pia. Maji hayako hivyo, kwa sababu haidrojeni iliyomo ndani yake imekwisha kuungana na oksijeni na joto lake limekwisha kutoka. Maji kwa haidrojeni ni kama majivu kwa mkaa: ni kile kinachobaki baada ya moto kumaliza kazi yake. Ndiyo maana maji hayashiki moto. Kuyarudisha yawe haidrojeni na oksijeni kunadai nishati yote iliyotoka vilipoungana, bila punguzo, na juu yake kuna hasara ya kifaa chenyewe. Hili si jambo la ufundi ambalo kesho mtu mwerevu zaidi atalipatia njia ya mkato. Ni kanuni ya uhifadhi wa nishati, na hakuna maabara yoyote duniani iliyowahi kuiona ikivunjwa.

Sasa tuweke tarakimu kama ulivyoomba, na tutumie uniti zile, yaani kilowati-saa, tunazonunua kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa kila mmoja wetu anazifahamu. Lita moja ya maji ina gramu 111 za haidrojeni. Kuipata haidrojeni yote hiyo kunahitaji, kwa uchache kabisa, uniti 4.4 za umeme, na katika mitambo mizuri ya viwandani, ambayo nayo ina hasara zake, kunahitaji uniti 6 hivi. Ukiichoma haidrojeni hiyo ndani ya injini, huku maji yakitokea ekzosi yakiwa mvuke, utapata joto la uniti 3.7. Kwa hiyo hata kabla gari halijasogea, tumeweka 6 na kupokea 3.7.

Lakini umeme wa kwenye gari unatoka wapi? Betri inachajiwa na altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini inachoma petroli ileile unayotaka kuiokoa. Injini ya petroli hugeuza robo hivi ya nishati ya petroli, au zaidi kidogo, kuwa mzunguko, na robo tatu huishia kwenye rejeta na ekzosi. Altaneta nayo hugeuza zaidi kidogo ya nusu ya mzunguko huo kuwa umeme. Ukiunganisha hasara hizo mbili utaona kwamba katika kila uniti 100 za petroli, ni 15 au 16 tu zinazofika kwenye waya. Lita moja ya petroli ina uniti 9 hivi. Ili kupata uniti 6 za kuipasua lita moja ya maji, gari litachoma lita nne hivi za petroli, na haidrojeni itakayopatikana, yenye uniti 3.7, itachukua nafasi ya petroli isiyofika hata nusu lita. Hapo nimekipa kifaa cha chupa heshima ya mtambo wa kiwandani, heshima ambayo hakistahili.

Mtu anaweza kusema kwamba atachaji betri nyumbani kwa umeme wa gridi au wa jua, kisha atumie betri hiyo kupasua maji. Hilo linawezekana, ila kinacholiendesha gari hapo ni umeme, na umeme huohuo ukipelekwa moja kwa moja kwenye mota utalipeleka gari mbali zaidi kuliko ukipitishwa kwenye maji na injini.


Fundi Umeme wa Magari alijibu:

Mwalimu amemaliza upande wa nadharia, nami naomba nizungumzie kinachotokea chini ya boneti, kwa sababu vifaa hivi hufika mikononi mwetu baada ya wateja kuanza kulalamika.

Kifaa cha kawaida cha aina hiyo huvuta ampea 20 hivi kwenye volti 14, yaani wati 280. Kama bati zimepangwa vizuri katika vyumba sita na hakuna umeme unaopotea, mkondo huo unaweza kupasua takriban mililita 40 za maji kwa saa na kutoa gramu nne na nusu za haidrojeni. Nishati iliyomo humo ni sawa na ya mililita 17 za petroli, ambazo ni kijiko kikubwa kimoja hivi. Noah inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ikiwa inapata kilomita 10 kwa lita, inachoma lita 8 katika saa hiyo hiyo. Na ili altaneta itoe zile wati 280, injini inachoma mililita 200 hivi za ziada. Unatoa 200 na kurudishiwa 17.

Nadhani wauzaji wengi wanajua kwamba hesabu hii haikwepeki, maana siku hizi wamebadilisha maneno: hawasemi tena kwamba maji ndiyo mafuta, wanasema kwamba gesi hiyo inaisaidia petroli iungue vizuri zaidi. Injini nzima ya kisasa, yenye plagi na nozeli zinazofanya kazi, inaunguza karibu petroli yote inayoingia, na kinachobaki bila kuungua ni sehemu ndogo mno isiyoweza kuleta punguzo la nusu. Hasara kubwa ya injini ni joto, na gesi ya kwenye chupa haizuii joto kutoka.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawaambiwi. Gari lako lina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ukiongeza oksijeni kwenye njia ya hewa, sensa huiona, na kompyuta ya gari huamini kwamba petroli ni kidogo, hivyo huongeza petroli. Baadhi ya wauzaji huja na kisanduku kidogo cha kielektroniki kinachoidanganya sensa ili kompyuta ipunguze petroli. Hapo kweli unaweza kuona nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo inatokana na kisanduku, na gharama yake ni injini kupata joto kupita kiasi, nguvu kupungua kwenye mpando, na hatimaye vali kuungua. Kwa mtu anayepanda kutoka Mombo na abiria, hayo ni maangamizi ya injini.

Usalama nao usiuchukulie kimzaha. Haidrojeni huwaka ikiwa hewani kuanzia asilimia 4 hadi asilimia 75, na cheche ndogo isiyoonekana kwa macho inatosha kuiwasha. Gesi ya kwenye chupa hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa imekwisha kuchanganyika na oksijeni yake yenyewe. Moto ukirudi nyuma kupitia mpira, chupa hupasuka na kumwaga kostiki, na kostiki ikiingia jichoni inapofusha. Nimeona chupa zilizotumika kwa muda: maji yake yamekuwa ya kahawia yenye matope chini, kwa sababu bati za stenlesi zinaliwa na umeme na kuachia madini ya kromiamu, ambayo ni sumu. Watu huyamwaga kwenye mtaro bila kujua.


Mzee wa Reli alijibu:

Wanangu, mimi nilianza kazi nikiwa mchochea moto wa injini ya mvuke Tabora, na swali hili nimeulizwa maisha yangu yote. Watu waliokuwa wakituona tumesimama kwenye tangi la maji la stesheni, injini ikinyweshwa maji mengi namna ile, waliamini kwamba garimoshi linakwenda kwa maji. Maji hayakuwa na nguvu yake mwenyewe. Yalibeba joto la moto kutoka kwenye tanuru hadi kwenye pistoni, kisha yakatoka hewani yakiwa mvuke, na ndiyo maana tulilazimika kuyajaza tena na tena. Moto ulipofifia kwa sababu ya kuni mbichi, boila ilibaki imejaa maji tele na treni ikasimama mlimani palepale. Wenzetu wa njia ya Mombasa na Nairobi walikuwa na zile Garratt kubwa za daraja la 59 zilizochoma mafuta mazito, nazo pia zilikunywa maji kwa wingi. Anayetaka kujua chombo kinaendeshwa na nini, asitazame kile kinachojazwa kwa wingi. Atazame kile ambacho kikikosekana moto unazimika.


Dereva wa Lushoto aliandika:

Shikamoo Mzee wa Reli, na asanteni nyote. Hesabu nimeielewa, na nimeirudia kwenye karatasi nikapata majibu yaleyale. Hata hivyo, kijana wa gereji nilipomweleza alinijibu kwamba hayo ni maneno ya vitabu vilivyoandikwa na wenye visima vya mafuta. Akanikumbusha habari za yule Mmarekani, na akaniambia kwamba hata wasichana wa shule nchini Nigeria waliwahi kuendesha jenereta kwa mkojo. Naomba anayezifahamu habari hizo azieleze zilivyo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanapokwama.


Mfuatiliaji wa Habari alijibu:

Mmarekani huyo aliitwa Stanley Meyer, wa jimbo la Ohio. Alidai kwamba gari lake dogo la mchangani linatumia maji kwa kifaa alichokiita seli ya maji, na watu wakampa fedha ili wawe wabia wake. Wawekezaji wawili walipoona hapati maendeleo walimshtaki. Mwaka 1996 mahakama iliwaruhusu wataalamu kukikagua kifaa chake, nao wakaona kwamba hakuna kitu kipya ndani yake zaidi ya upasuaji wa kawaida wa maji kwa umeme. Mahakama ikaamua kwamba alifanya udanganyifu mkubwa, ikamwamuru awarudishie wawekezaji hao dola 25,000. Alifariki ghafla mgahawani mwezi Machi 1998, na mchunguzi wa vifo akabaini kwamba mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo. Kifo hicho ndicho kilichozaa hadithi ya kuuawa.

Napenda nisisitize jambo moja ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Hataza za Meyer, yaani hati za kulinda uvumbuzi wake, hazikufichwa. Zilichapishwa Marekani, michoro yake iko wazi kwa yeyote, na muda wake wa kulindwa kisheria umekwisha, kwa hiyo kiwanda chochote duniani kinaweza kuvitengeneza vifaa hivyo bila kumlipa mtu. China, India, Japani na nchi nyingine zinazonunua mafuta ya nje kwa fedha nyingi kila mwaka zingekuwa za kwanza kuvikimbilia. Hazikufanya hivyo kwa sababu vifaa hivyo havifanyi kazi iliyodaiwa.

Wala hakuwa peke yake. Nchini Ufilipino, Daniel Dingel alidai kwa miongo kadhaa kwamba ana gari la maji. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 82, alihukumiwa kifungo kwa kosa la kuwatapeli wawekezaji. Mwaka huohuo kampuni ya Genepax ilionyesha gari mjini Osaka, Japani, na kudai kwamba linahitaji maji tu. Mwaka uliofuata ikafunga shughuli zake. Mwaka 2012 nchini Pakistan, mtu aliyejitangaza kuwa na gari la maji alipewa nafasi kubwa kwenye televisheni na kuungwa mkono hata na mawaziri, hadi wanafizikia kama Pervez Hoodbhoy walipojitokeza kueleza kwamba dai hilo linapingana na kanuni za fizikia. Ukizitazama habari hizi kwa pamoja utaona zinafanana: gari huonyeshwa kwa dakika chache, kifaa hakifunguliwi mbele ya wataalamu, na fedha huombwa mapema.


Mwalimu wa Kemia aliandika tena:

Naomba nizungumzie wasichana wa Nigeria, kwa sababu wao sikubali wawekwe kundi moja na matapeli. Walikuwa wanafunzi wanne walioonyesha kazi yao Lagos mwaka 2012, na ndani ya kazi hiyo mna kemia ya kweli. Mkojo una urea, na kupata haidrojeni kutoka kwenye urea kunahitaji volti ndogo kuliko kuipata kwenye maji: kwa nadharia ni volti 0.37, wakati maji yanahitaji 1.23. Watafiti wa vyuo vikuu wamelifanyia kazi jambo hilo, hasa kwa ajili ya kusafisha majitaka. Urea kweli ni mafuta, ingawa ni hafifu.

Kosa lilikuwa la vyombo vya habari vilivyotangaza kwamba lita moja ya mkojo inatoa umeme wa saa sita. Lita hiyo ina gramu 20 hivi za urea, na nishati yake yote, kama ingetumika bila kupotea hata kidogo, ingetosha taa ya wati 10 kwa muda wa saa sita. Jenereta ndogo ya petroli hupoteza zaidi ya robo tatu ya nishati inayoingia, na bado hatujahesabu umeme wa betri uliotumika kupasua. Walimu wa wasichana wale walipaswa kuwasaidia kuifanya hesabu hiyo jukwaani, nao wangeondoka na somo kubwa zaidi kuliko sifa walizopewa.

Nimwongezee kijana wa gereji jambo moja analoweza kulishuhudia mwenyewe. Mafundi wa kuchomelea hutumbukiza mawe ya kabaidi majini, na gesi inayotoka huwaka. Pale pia mtazamaji anaweza kudhani kwamba maji ndiyo yanayoungua, ilhali kinachokwisha ni kabaidi, ambayo ilitengenezwa kiwandani kwa umeme mwingi sana. Aluminiamu na magnesi nazo zinaweza kutoa haidrojeni zikikutana na maji, na hapo tena metali ndiyo mafuta. Kila mara mtu anapoonyesha gari la maji linalosogea kweli, tafuteni kitu kingine kinachopungua.


Mhandisi wa Nishati alijibu:

Swali kuhusu magari ya Kijapani bado halijajibiwa. Magari hayo yapo: Toyota ilianza kuuza Mirai mwezi Desemba 2014. Lakini hayajazwi maji. Hujazwa haidrojeni iliyoshindiliwa kwenye matangi kwa kani ya mara 700 ya hewa ya kawaida, wakati tairi la Noah lina mara mbili hivi tu. Ndani ya gari haidrojeni huunganishwa na oksijeni ya hewani polepole bila moto, kwa njia ambayo William Grove aliigundua mwaka 1839, nao muungano huo hutoa umeme unaozungusha mota. Maji yanayodondoka ndiyo masalio ambayo Mwalimu ameyataja. Kwa hiyo magari hayo ni ushahidi wa kinyume cha kile anachokuambia kijana wa gereji: maji yanatoka mwishoni, hayaingii mwanzoni.

Haidrojeni hiyo inaweza kutengenezwa kwa kupasua maji, ingawa sehemu kubwa ya haidrojeni inayotumika duniani leo inatokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Mirai ya toleo la pili hubeba kilo 5.6, na kuzipata kwa kupasua maji kunahitaji uniti 300 hivi, kabla ya kuhesabu umeme wa kuishindilia. Kwa haidrojeni hiyo gari huenda kilomita 600 hivi. Uniti 300 zilezile zikiwekwa kwenye betri za gari la umeme la ukubwa huo zingelipeleka karibu mara tatu ya umbali huo. Ndiyo maana mimi naona haidrojeni itatufaa zaidi kwenye kazi ambazo betri haziwezi, hasa kutengeneza mbolea na chuma. Kenya, iliyozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani mwaka 2023, imeweka mbolea mbele, na nadhani imepanga vizuri.

Hata hivyo, maji yanaendesha vyombo vya usafiri hapa kwetu kila siku, kwa njia nyingine kabisa. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inatumia umeme wa gridi, na gridi hiyo sasa inalishwa kwa sehemu kubwa na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Pale maji hayapasuliwi wala hayachomwi. Yanaporomoka tu, na nguvu yake inatokana na kuwa juu, mahali yalipopandishwa na jua na mvua. Nguvu hiyo ni ndogo sana kwa lita moja: ili kufikia nishati ya lita moja ya petroli, yanatakiwa yaporomoke zaidi ya lita 32,000 kutoka urefu wa mita 100. Mto mzima ndio unaoifanya hesabu ikubali.

Jambo hilo linaihusu hata barabara yako. Lushoto iko karibu mita 1,000 juu ya Mombo. Kuinua gari la tani mbili kwa kimo hicho kunataka uniti 5 na nusu za kazi halisi, na kwa injini inayotumia robo ya petroli yake, hiyo ni zaidi ya lita mbili kwa kila mpando, mbali na petroli ya kusukuma hewa na kuzungusha matairi. Kijiko kimoja cha mafuta kwa saa hakiwezi kuugusa mzigo huo. Gari la umeme lingeutumia mteremko wa kurudi Mombo kuchaji betri yake na kurudisha sehemu ya nishati hiyo, ambayo kwenye Noah inapotea yote kwenye breki. Kama siku moja utabadilisha gari, njia yako ni miongoni mwa njia ambazo umeme unaleta nafuu kubwa.

Maji pia yana kazi moja halali ndani ya injini yenyewe. Katika vita vya pili vya dunia, injini za ndege za kivita zilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli ili kupoza hewa inayoingia na kuzuia injini isigonge, na BMW ilitumia unyunyizaji wa maji kwenye gari lake la M4 GTS. Lakini hapo maji ni kipozeo, na petroli inaendelea kuwa petroli.


Dereva wa Lushoto aliandika:

Nimeridhika na maelezo. Limebaki jambo moja. Kijana huyo ni mtoto wa jirani yangu, na simwoni kuwa mtu mbaya. Naye anaamini anachokiuza. Amependekeza anifungie kifaa bila malipo kwa majaribio, nimlipe nikiona nafuu. Je, kuna namna ya kupima ambayo sisi wawili tutaiamini?


Fundi Umeme wa Magari alijibu:

Kwa hatari nilizozitaja, ningependa usikifunge kabisa. Kama mtapima, kifungeni nje ya boneti kwa kipindi cha majaribio tu, kiwe na kizuizi cha moto kwenye mpira, na msikiwashe injini ikiwa imezimwa. Kabla ya kuanza, kijana asibadilishe plagi, filta ya hewa wala upepo wa matairi, kwa sababu hayo peke yake hupunguza ulaji wa petroli, na kifaa kitapewa sifa isiyo yake. Kile kisanduku cha kudanganya sensa kisiwekwe.

Jazeni tanki kwenye kituo kilekile na pampu ileile, mpaka bomba likatike lenyewe. Fanyeni safari za kawaida, kisha jazeni tena kwa namna hiyohiyo na kugawanya kilomita kwa lita. Rudieni kwa matangi kadhaa, mengine kifaa kikiwa kimewashwa na mengine kikiwa kimezimwa, ila wewe unayeendesha usijue ni lini kiko katika hali gani. Swichi ishikwe na mtu wa tatu anayeandika kwenye daftari, kwa kuwa dereva anayejua kwamba amefungiwa kifaa cha kuokoa mafuta hukanyaga taratibu bila kukusudia. Uzito wa mizigo nao uandikwe, maana kwenye mpando wenu abiria wawili wa ziada wanaonekana kwenye petroli.

Mkimaliza, fungueni daftari mkiwa wote watatu. Na kama kijana ana mikono mizuri ya kazi, mwambie akupimie upepo wa matairi, akusafishie nozeli na kukagua breki kama zinashika gurudumu, kisha umlipe kwa kazi hiyo.